Taa Kabla ya Injini: Umeme Ulivyoingia Katika Mashua za Tanga

Bodi ya swichi katika mashua kuukuu ya uvuvi, kuanzia Moa kaskazini hadi Kipumbwi kusini ya Pangani, kwa kawaida haikufungwa na fundi mmoja wala kwa mara moja. Ni kibao au kisanduku cha plastiki kilichopigiliwa upande wa tezi, karibu na anapokaa nahodha, na ndani yake zimesongamana nyaya za unene na asili tofauti: za nyumbani, za pikipiki, za spika ya redio. Swichi ya ukutani imekaa jirani na swichi ya gari. Viungo vimesokotwa kwa vidole vikafungwa tepu. Waya ulioingia mwekundu unatoka mweusi. Fundi anayeitwa kuifumua na kuisuka upya huanza kwa kumlaani aliyemtangulia, na mkaguzi akiiona husema wavuvi hawajali usalama. Wote wawili wanapitwa na jambo moja. Vurugu hiyo ina mpangilio wake, ila ni mpangilio wa miaka, kwani kila waya uliongezwa siku haja yake ilipozuka. Haja hizo zikipangwa kwa kufuatana, zinaonyesha kwamba umeme haukuingia katika vyombo vidogo vya pwani hii kwa ajili ya injini, wala kwa amri ya sheria, wala kwa hisani ya miradi. Uliingia kwa ajili ya taa ya kuvulia. Ulichelewa kwa sababu kwa miongo mingi betri haikuweza kuihimili taa hiyo, ukaja kwa kishindo mara ilipoweza. Anayeijua historia hiyo ataisuka bodi kwa namna moja, na asiyeijua ataisuka kwa namna nyingine, na tofauti itaonekana kabla ya misimu miwili kupita.

Kwanza iondolewe dhana kwamba pwani hii ilikuwa mbali na umeme. Unguja, Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash lililokamilika mwaka 1883, lilitangulia majengo mengine ya mjini kuwa na taa za umeme. Baharini, meli ya Kimarekani Columbia ilikwisha kufungwa taa za Edison mwaka 1880, na muongo uliofuata, taa za aina hiyo zilipokuwa zikienea katika meli kubwa za dunia, meli za kampuni ya Deutsche Ost-Afrika Linie zilikuwa zikitia nanga katika ghuba ya Tanga. Dar es Salaam ilipata umeme mwaka 1908 kwa ajili ya karakana za reli. Tanga nayo ilikuwa na bahati ya mto. Katika miaka ya 1930 kampuni ya TANESCO, iliyoundwa mwaka 1931, ilijenga kituo cha umeme kwenye maporomoko ya Mto Pangani, na nguvu yake ikapelekwa mjini na kwenye mashamba ya mkonge. Kituo cha Hale kiliongezwa mwaka 1964, na kituo kipya cha Pangani mwaka 1995. Kwa hiyo mashua iliyoegeshwa Bweni, mdomoni mwa mto huohuo uliozungusha mitambo na kuwasha taa za Tanga, ilikaa zaidi ya nusu karne ikiwa na taa ya chemli. Umbali haukuwa kizuizi. Waya wa gridi huishia ufukweni. Mbele ya hapo umeme lazima ubebwe, na hakuna mwenye chombo anayebeba mzigo asioujua kazi yake.

Kazi ya mwanga baharini, hata hivyo, ilijulikana kabla ya umeme. Usiku maji yakitoka, watu waliingia miambani na mienge ya makuti makavu kutafuta pweza, kaa na samaki waliozubaa. Chemli ilipofika ilifaa kumwonyesha nahodha dira na kumwangazia mpishi, lakini haikuweza kumwita samaki kutoka kilindini. Kilichobadili mambo ni karabai. Asili yake ni kifuko cha nyuzi kilichobuniwa na Carl Auer von Welsbach wa Vienna mwaka 1885, ambacho kikipashwa moto hung'aa kuliko mwali wenyewe. Mnamo 1910 kiwanda cha Max Graetz mjini Berlin kiliunganisha kifuko hicho na tangi la mafuta ya taa linalopigwa pampu, ikapatikana taa ya Petromax, ambayo aina yake mashuhuri ilitangazwa kuwa na nguvu ya mishumaa 500. Taa ya namna hiyo, ikining'inizwa juu ya maji katika usiku usio na mwezi, huwavuta wadudu wadogo wa baharini, na nyuma yao hufuata dagaa, na nyuma ya dagaa hufuata vibua na wengine wakubwa zaidi. Mtumbwi wa taa huachwa ukielea. Samaki wakishakusanyika, mashua yenye wavu huuzunguka, kisha kamba ya chini huvutwa na wavu hufumbwa kama mfuko.

Uvuvi huo ukazaa uchumi wake. Kalenda yake ni ya mwezi: usiku wa giza ni kazi, usiku wa mbalamwezi ni kushona nyavu na kupumzika. Dagaa huchemshwa kwa maji ya chumvi pale ufukweni, kazi iliyo mikononi mwa kina mama kwa kiasi kikubwa, huanikwa, kisha husafirishwa bara na hata kuvuka mpaka hadi Kongo. Jambo la kuzingatia ni namna taa inavyoingia katika hesabu. Mapato ya usiku hayagawanywi mpaka gharama za safari ziondolewe kwanza, na mafuta ni ya kwanza kati ya gharama hizo; kinachobaki ndicho kinachogawanywa baina ya mwenye chombo, mwenye wavu na mabaharia. Kwa utaratibu huu kila mtu chomboni anajua bei ya lita moja ya mafuta ya taa, kwa sababu ilikatwa katika fungu lake asubuhi ileile. Taa ya kuvulia ilikuwa chombo cha uzalishaji, sawa na wavu na kasia. Hakuna taa nyingine baharini iliyokuwa na hadhi hiyo. Taa ya kuonyesha njia haina fungu. Hakuna samaki anayeifuata.

Tukija kwenye injini, wengi hudhani kwamba umeme ulipanda chomboni pamoja nayo, kama ilivyokuwa kwa magari. Muundo wa injini zilizotumika hapa unakanusha dhana hiyo. Mashine ya nje ya petroli, ile inayofungwa kwenye tezi, hujitengenezea cheche yenyewe: gurudumu lake lina sumaku ambazo, kamba ikivutwa, hupita mbele ya koili na kuzalisha umeme wa kutosha kuwasha plagi. Mashine za nguvu ndogo na za kati, zinazosukuma sehemu kubwa ya vyombo vya uvuvi, huwashwa kwa kamba na hazihitaji betri hata kidogo. Mashine ya dizeli iliyowekwa ndani ya mashua au jahazi inahitaji umeme kwa uchache zaidi, kwa kuwa mafuta yake hujiwasha kwa mgandamizo wa hewa. Ya silinda moja huzungushwa kwa mkono wa chuma hadi ishike. Tena mashine ya nje haikai chomboni. Wavuvi wakirudi hufunguliwa, hubebwa begani na kulazwa nyumbani kwa mwenyewe kwa kuogopa wezi. Kitu kinachoondoka kila asubuhi hakiwezi kuwa sababu ya kupigilia nyaya za kudumu kwenye mataruma. Injini iliongeza mwendo na kuwafikisha wavuvi mbali zaidi katika Mkondo wa Pemba. Bodi ya swichi haikuiacha nyuma yake.

Kwa nini basi taa yenyewe haikugeuzwa ya umeme mapema, wakati betri za magari zilikuwapo Tanga tangu enzi za mashamba ya mkonge? Jibu limo katika hesabu fupi. Balbu ya zamani ya waya mwekundu hutoa lumeni kama 12 kwa kila wati. Ili iangaze karibu na karabai nzuri, tuseme lumeni 1,200, inahitaji wati 100. Kwa betri ya volti 12 hiyo ni zaidi ya ampea 8, na kwa usiku wa saa kumi ni zaidi ya ampea-saa 80. Betri ya gari ya ampea-saa 70 ingekufa kabla ya alfajiri kwa taa moja tu, na mtumbwi wa taa hauendi na moja. Tena betri ya gari ikikaushwa hivyo mara kwa mara huharibika baada ya muda mfupi. Mwenye chombo aliyekataa kununua betri miaka ya 1970 hakuwa mshamba. Alikuwa amepiga hesabu sawasawa. Umeme pekee uliomfaa ulikuwa wa tochi. Betri kavu zilitengenezwa Dar es Salaam na kiwanda cha Matsushita kilichoanza katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, na tochi ikawa kitu cha kawaida katika kila chombo. Lakini tochi haina waya wala bodi; hukaa mfukoni au chini ya ubao, na huondoka na mwenyewe.

Hali hiyo ilivunjika katika miaka michache ya kabla na baada ya 2010, mambo matatu yalipokutana. La kwanza lilitoka maabara. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa Japani alionyesha taa ya LED ya buluu yenye nguvu, na kutokana nayo ikapatikana LED nyeupe. Kazi hiyo, pamoja na ya Isamu Akasaki na Hiroshi Amano, ilipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Kufikia mwisho wa miaka ya 2000 taa hizo zilikuwa zimeshuka bei na kufika katika maduka ya vipuri ya mijini. Zilipofikia lumeni 100 kwa wati moja, mwanga uliohitaji wati 100 ukahitaji wati 12. Betri ileile ya ampea-saa 70, ikitumiwa nusu tu ili isife mapema, ikaweza kuwasha taa tatu za namna hiyo usiku kucha. La pili lilitoka bungeni. Bajeti ya mwaka 2011/12 ilipandisha sana ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji, kwa kuwa unafuu wake uliwafanya wafanyabiashara kuyachanganya na dizeli. Serikali ilivilenga vituo vya mafuta. Mtumbwi wa taa haukuwa katika hesabu, lakini karabai zake zilipata kipigo kilekile. La tatu lilitoka barabarani. Pikipiki za abiria zilienea kiasi kwamba mwaka 2010 zilitungiwa kanuni zake za leseni, na nyuma yake kila mji mdogo, Muheza, Pangani, Maramba, ukapata duka linalouza betri ndogo za volti 12, nyaya, fyuzi, swichi na taa za LED, pamoja na kijana anayejua kuziunganisha.

Hakuna hata moja kati ya hayo matatu lililotosha peke yake. LED bila kupanda kwa mafuta ingengoja, kwa sababu karabai ilikuwa tayari imekwisha kulipiwa. Mafuta kupanda bila LED kungewapunguzia wavuvi usiku wa kazi tu. Na vyote viwili bila vipuri vya pikipiki vingekuwa bidhaa za duka la mjini zisizo na fundi kijijini. Kukutana kwake ndiko kulikofanya badiliko lililongoja miongo mingi kukamilika katika misimu michache. Na namna lilivyokuja ndiyo iliyoandika sura ya bodi. Kwanza ni betri moja na taa moja, ikiunganishwa kwa kubana ncha za waya. Kisha taa ya pili ikaongezwa juu ya ileile ya kwanza. Halafu wenye wavu mkubwa wakaleta jenereta ya petroli na balbu za volti 230, na kwa ajili yake zikaja swichi za ukutani na waya wa nyumbani. Baadaye likaja paneli la sola na kidhibiti chake, kisha chaja ya simu, kisha pampu ya kufua maji katika ngama. Taa nyekundu na kijani za omo, kama zipo, mara nyingi ndizo za mwisho kabisa.

Atakayepinga atasema: sababu halisi ni umaskini, wavuvi hawakuwa na umeme kwa kuwa hawakuwa na fedha. Pingamizi hili lina uzito, lakini haliwezi kueleza tofauti iliyopo ndani ya bandari moja. Chukua wavuvi wa dagaa na wavuvi wa jarife wanaotoka gati moja, kwa vyombo vinavyokaribiana ukubwa. Jarife ni wavu wa macho makubwa unaotegwa kwa papa na nguru; ni wavu uleule ambao tangu 2003 umenasa silikanti mara kadhaa katika maji ya Tanga, hata Hifadhi ya Bahari ya Silikanti ikaanzishwa mwaka 2009. Nao huvuliwa usiku, nao hugharimu fedha nyingi, wala wenye jarife si maskini kuliko wenye dagaa. Lakini uvuvi wao hauhitaji kumwita samaki kwa mwanga. Wanachohitaji ni kuliona boya lao. Kwa hiyo vyombo vyao vimebaki na tochi na taa ndogo ya kujichaji, wakati mtumbwi wa taa ulio jirani una betri mbili na swichi nne. Kama fedha ndiyo ingekuwa sababu, nyaya zingefuata fedha. Zimefuata dagaa.

Pingamizi la pili ni la sheria: kwamba kanuni za kimataifa na ukaguzi wa serikali ndivyo vilivyoleta taa za umeme. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini, zilizopitishwa mwaka 1972 na kuanza kutumika 1977, hazisemi hivyo kwa vyombo vidogo. Chombo cha tanga chenye urefu chini ya mita 7 kinatakiwa kuwa na taa za kawaida ikiwezekana. Isipowezekana, kinaruhusiwa kuwa na tochi au kandili iliyo tayari kuonyeshwa kwa wakati ili kuepusha mgongano. Chombo cha injini cha urefu huohuo, kisichozidi mwendo wa noti 7, kinaruhusiwa taa moja nyeupe inayoonekana pande zote. Yaani sheria yenyewe ilikubali kwamba ngalawa na mtumbwi viende baharini bila nyaya, na ilifanya hivyo kwa busara. Mashua kubwa zaidi zinabanwa na masharti makali, na mamlaka za usafiri wa majini, SUMATRA zamani na TASAC tangu 2018, zimekuwa na kazi ya kuyasimamia. Lakini chombo hukaguliwa mchana kikiwa kimeegeshwa, na taa inayowekwa kwa ajili ya mkaguzi huunganishwa kwa waya wowote uliopo, kwa sababu inatakiwa kuwaka mara moja. Sheria iliongeza waya katika bodi, haikuianzisha.

Pingamizi la tatu linataja simu na miradi. Simu ya mkononi ilienea kabla ya LED, na mvuvi aliithamini mapema, hasa kwa kuulizia bei kabla ya kuamua ateremshe wapi. Lakini simu ilichajiwa nyumbani au dukani na ikaenda baharini ndani ya mfuko wa plastiki. Haikumfanya mtu atoboe ubao ili apitishe waya. Ilipata tundu lake chomboni baada ya taa kuleta betri. Miradi nayo ilikuwapo. Chuo cha uvuvi cha Mbegani, Bagamoyo, kilipata msaada mkubwa wa Norwei, na mpango wa hifadhi na maendeleo ya ukanda wa pwani wa Tanga uliendeshwa tangu 1994 kwa fedha za Ireland na utaalamu wa shirika la IUCN. Hizi zilikuwa juhudi za maana kwa mafunzo, matumbawe na usimamizi wa nyavu. Hata hivyo chombo cha mradi chenye chumba cha usukani na bodi iliyotoka kiwandani hakikuzaa watoto katika karakana za Pangani. Mashua iliendelea kuchongwa na fundi wake kwa mkuku, mataruma na kalafati kama alivyofundishwa, na nafasi ya bodi haikuwamo katika kipimo chake.

Hapo ndipo historia inapogusa kazi ya fundi. Fundi wa mashua alikuwa na elimu ya vizazi juu ya mbao na maji ya chumvi. Fundi umeme aliyeitwa baada ya 2010 alikuwa na elimu ya nyumba au ya pikipiki, kwa kuwa ndiyo mafunzo yapatikanayo kwa wingi. Alileta mazoea ya huko, na bahari ikayakataa kwa sababu zinazoweza kuelezwa. Nyumbani, kwa volti 230, waya wa milimita moja ya mraba ukipitisha ampea 10 kwa mita tano kwenda na tano kurudi hupoteza volti 1.7 hivi, chini ya asilimia moja, hakuna atakayegundua. Chomboni, kwa volti 12, upotevu uleule ni asilimia 14, na taa ya omo inafifia. Mvuvi akiona mwanga hautoshi huongeza taa nyingine juu ya waya uleule, ampea zinaongezeka, upotevu unaongezeka, na waya unapata joto. Mazoea ya nyumba yanasema pia waya wa uzi mmoja mnene ni imara. Katika chombo kinachotikiswa na mashine hukatika ndani ya gamba lake bila kuonekana. Kiungo kilichosokotwa na kufungwa tepu hukaa miaka ukutani; baharini tepu hushikilia unyevu wa chumvi, shaba hugeuka kijani, na kutu hiyo hutambaa ndani ya gamba. Na hatari kubwa kuliko zote ni kisanduku kimoja kubeba volti 230 za jenereta pamoja na volti 12 za betri, katika chombo ambacho mabaharia wake wamelowa tangu jioni.

Kusuka upya, kwa hiyo, kusianze kwa kununua bodi nzuri ya kigeni iliyopangwa kwa ajili ya boti ya matembezi, yenye swichi kumi za vitu ambavyo mashua hii haina. Kuanze kwa kuuliza mashua inavua nini, na taa za kuvulia zipewe nafasi ya kwanza katika hesabu, kwa kuwa ndizo zinazomaliza sehemu kubwa ya betri. Zipewe waya mnene wa nyuzi nyingi, wa shaba iliyopakwa bati ukipatikana, wenye fyuzi yake karibu na betri. Betri ya gari ikipigwa shoti hutoa mamia ya ampea, na waya usio na fyuzi hugeuka moto karibu na tangi la petroli. Jenereta iwe na kisanduku chake mbali na cha betri. Taa za njia na pampu ya ngama ziwe kila moja na waya na fyuzi yake, ili kuharibika kwa taa ya dagaa kusizizime. Viungo vibanwe kwa vishikio, vifunikwe, na viwekwe juu kuliko mahali mawimbi yanaporukia. Nyaya zitiwe alama, kwa sababu atakayezifumua mara nyingine hatakuwa fundi huyuhuyu.

Yupo atakayesema kwamba kuipa taa ya kuvulia cheo hicho ni kuubariki uvuvi unaolalamikiwa, kwa kuwa mwanga mkali hukusanya na samaki wachanga, na huenda kesho serikali ikaubana. Hoja ya samaki wachanga ni ya kweli na inastahili kanuni zake. Lakini mwanga unaopitia waya wake na swichi yake ndio unaoweza kupimwa na kupunguzwa. Uliochanganywa na nyaya nyingine zote hauwezi kudhibitiwa bila kuzima chombo kizima. Usalama nao unadai utengano huohuo. Kanuni zilezile za 1972 zinakataza kuonyesha taa nyingine zinazoweza kudhaniwa kuwa taa za njia, au kuzifanya zisionekane vizuri. Mashua inayorudi gatini na taa zake kali zikiwaka zote imezifuta taa nyekundu na kijani za omo lake, na kwa mtu aliye kwenye daraja la meli ni mwanga tu usio na mbele wala nyuma. Miaka ya nyuma hatari hiyo ilikuwa ndogo kidogo. Sasa gati za Tanga zimechimbwa hadi kina cha mita 13 ili meli kubwa zifunge, na Chongoleani inajengewa kituo cha mafuta ghafi mwishoni mwa bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda. Njia za meli na maeneo ya dagaa yatazidi kukaribiana.

Taa ilitangulia kwa sababu ndiyo iliyolipa, na hakuna sababu ya kumlaumu mvuvi kwa kulipia kinacholipa. Anayetaka taa za njia ziwake usiku wa giza atafanikiwa zaidi akizipandisha juu ya mfumo ambao mwenye chombo tayari anautunza kwa ajili ya kipato chake, kuliko akizileta kama amri ya pembeni. Kwa mkaguzi, maana yake ni kukitazama chombo usiku kikiwa kazini, na siyo mchana tu kikiwa kimeegeshwa. Kwa vyuo vya ufundi, maana yake ni kufundisha umeme wa vyombo vya majini kama fani yenye hesabu zake, badala ya kuuacha uazimwe kutoka nyumba na pikipiki. Na kwa fundi aliyefungua kisanduku cha tezi na kukuta nyaya za miaka kumi na mitano, maana yake ni kuzisoma kwa zamu yake kabla ya kushika koleo: waya upi ulikuja kwanza, ulikuja kwa kazi gani, na kazi hiyo ingalipo.